Kuomba amri ya korti ya kumwona mjukuu wazazi wakikataa: mwongozo kwa walio Kisumu, Nakuru na magharibi

Kabla hujalipa nauli ya kwenda kortini, elewa kwamba sheria ya Kenya haimpi dani, kukhu wala guka (yaani nyanya au babu) haki ya kumwona mjukuu kwa sababu tu ni damu yake. Wazazi wakiwa hai, wako kwenye ndoa na wanamlea mtoto vizuri, wao ndio huamua nani amtembelee. Kifungu cha 53 cha Katiba kinaweka jukumu hilo kwa baba na mama kwa usawa. Mlango uliopo ni mwembamba: Korti ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, inaweza kuamuru mtoto amtembelee mtu fulani, akae naye kwa vipindi au awasiliane naye. Kinachopimwa kwanza ni maslahi ya mtoto. Uchungu wako haupimwi, karo uliyolipa haipimwi, na ng'ombe ambao hawajafika bomani hawapimwi kabisa. Ukichanganya madai ya mahari na ya mjukuu kwenye karatasi moja, umempa wakili wa upande wa pili kazi rahisi.

Mtu akikuuzia fomu aliyoipakua kutoka tovuti ya Marekani, achana naye. Huko kila jimbo lina sheria yake, na hata Mahakama yao ya Juu ilisema mwaka 2000, katika kesi ya Troxel v. Granville, kwamba uamuzi wa mzazi anayefaa ni lazima upewe uzito wa pekee. Hakimu wa Kakamega hana kazi na fomu hiyo.

Anzia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo anakoishi mtoto. Hapa ndipo wengi hupoteza safari. Ukitoka Siaya na mjukuu yuko Nakuru, afisa wa Siaya atakusikiliza kwa heshima zote kisha akuelekeze Nakuru. Beba kitambulisho na barua ya chifu wako. Huduma ni bure. Ukiombwa "ya chai", omba risiti uone mazungumzo yatakavyobadilika. Afisa atawaandikia wazazi barua ya wito. Wakija na mkaelewana, makubaliano yaandikwe, yatiwe sahihi, halafu yapelekwe kortini yageuzwe amri. Makubaliano ya mdomo hudumu hadi ugomvi unaofuata. Wasipokuja, usikasirike. Omba nakala ya barua ya wito yenye muhuri, maana ndiyo ushahidi kwamba ulijaribu njia ya amani kwanza. Kumbukumbu za kikao cha wazee zenye tarehe na sahihi zinafaa pia.

Sasa karatasi za kuthibitisha kwamba huyo ni mjukuu wako. Unahitaji viungo viwili: cheti cha kuzaliwa cha mwanao chenye jina lako, na cha mjukuu chenye jina la mwanao. Cha mjukuu kiko kabatini kwa watu wanaokukataa. Usikwame hapo. Eleza kwenye hati ya kiapo kwamba wazazi ndio wanacho, omba korti iwaamuru wakitoe, na uambatishe ulicho nacho: kadi ya ubatizo, nakala ya kadi ya kliniki, ripoti ya shule ya wakati ulipokuwa ukimlea. Kama mwanao alizaliwa nyumbani na hakuwahi kuandikishwa, tumia barua ya chifu na kiapo cha jamaa mzee anayeijua familia.

Uhusiano wa damu ukishathibitika, onyesha uhusiano wa maisha. Aliishi kwako miaka gani? Nani alimpeleka hospitali? Alikuja likizo za Agosti na Desemba hadi lini, na kitu gani kilikatisha? Picha na jumbe za WhatsApp ni nzuri, lakini ukizichapisha hivihivi zinaweza kupingwa. Ushahidi wa kielektroniki huambatana na cheti chake chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: kinataja simu au kompyuta iliyotumika, jinsi nakala zilivyotolewa, na kwamba kifaa kilikuwa kikifanya kazi sawasawa. Ni ukurasa mmoja tu, na ndio husahaulika kuliko yote.

Kwenye maombi yenyewe usiandike "naomba kumwona mjukuu wangu". Andika ratiba: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, simu ya video kila Jumapili jioni, siku kadhaa za likizo ya Agosti baada ya miezi ya mwanzo kwenda vizuri, nani anamchukua, wapi, na nauli ni ya nani. Omba kidogo. Anayeanza kwa kudai likizo nzima ya Desemba huonekana anataka kumlea mtoto upya, na hiyo ni kesi nyingine. Kama wazazi wanadai wewe ni hatari, jitolee mwenyewe mikutano ya kwanza ifanyike mbele ya afisa wa watoto.

Hati za madai, kiapo kilichothibitishwa na kamishna wa viapo, taarifa za mashahidi na orodha ya vielelezo huwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Wengi huenda saiba (duka la intaneti), na jamaa wa saiba hufungua akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Kuanzia hapo tarehe zote za kesi zinamfikia yeye, naye ana wateja wengine. Akaunti iwe na namba yako au ya mjukuu mkubwa unayemwamini. Mfumo ukikadiria ada, lipa kwa namba ya malipo ya serikali, 222222, wala usimpe mtu pesa taslimu kwenye korido. Huna wakili? Uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na wanawake walio karibu na Kisumu wanaweza kujaribu ofisi ya huko ya FIDA, shirika la mawakili wanawake.

Wazazi lazima wapewe hati rasmi. Tangu kanuni ziliporekebishwa mwaka 2020 hata WhatsApp inakubalika, lakini bila kiapo cha kuonyesha zilivyofikishwa, kesi itaahirishwa. Usizipeleke wewe mwenyewe langoni mwao.

Kisha inakuja ripoti ya afisa wa watoto, na hapa ndipo miezi huisha. Hakimu huagiza uchunguzi wa kijamii wa nyumba zote mbili. Faili husubiri ripoti, ripoti husubiri gari, gari husubiri mafuta. Usikae ukidhani agizo litajipeleka lenyewe: chukua nakala yenye muhuri kwa karani, ipeleke ofisi ya afisa, ukasainiwe kwamba imepokelewa. Kama unaishi kaunti nyingine, ofisi mbili zinahusika na kila moja itaamini nyingine inaandika. Afisa akija kwako ataangalia mtoto atalala wapi, nani wengine wanaishi bomani, maji, choo, na kama kuna mlevi. Pia atasikiliza unavyomzungumzia mkwe. Ukitumia saa nzima kumtukana mama wa mtoto, hilo litaingia kwenye ripoti kabla ya habari za kitanda.

Mtoto mwenye umri wa kujieleza anaweza kuulizwa anataka nini. Usimfundishe la kusema, wala usimvizie shuleni. Barua moja ya mwalimu mkuu kwamba ulionekana langoni inaweza kukuangusha.

Faili ikielekezwa kwa upatanishi wa korti, nenda. Mpatanishi halipwi na wewe, na wazazi wengi waliokataa mbele ya afisa hukubali saa chache za Jumamosi wakishaona kesi ni ya kweli.

Ukipata amri, hakikisha nakala rasmi imekabidhiwa wazazi mkononi. Wakiikaidi, rudi kortini na ombi la kuwashtaki kwa kudharau amri. Polisi hawatakusaidia kwa karatasi isiyowataja. Ukinyimwa, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Na familia ikihamia kwingine, ratiba ya zamani haihami nayo: omba ibadilishwe mapema, kabla Jumamosi ya kwanza haijakukuta stendi ya Nakuru na mtoto yuko Mombasa.