Ukiwaandikia watu wa Linux, jibu chini ya swali

Kiraka changu cha kwanza, yaani marekebisho ya msimbo, niliwatumia watengenezaji wa kiini cha Linux kwa barua pepe, kwa simu, usiku, kutoka chumba cha kupanga Wandegeya, Kampala, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Hakikufika. Simu ilikuwa imeandika barua kwa HTML, yaani maandishi yenye mapambo, na seva zao huikataa.

Basi tuma maandishi matupu. Kiraka kikae ndani ya barua yenyewe, si kwenye kiambatisho, ili msomaji aweze kunukuu mstari na kuusahihisha. Tumia git send-email, amri ya kutuma viraka kwa barua pepe. Ukinakili na kubandika, alama za tab hugeuka nafasi tupu na kiraka hakiingii tena.

Kujibu ndiko kunakotushinda wengi. Tumezoea kuandika juu na kuacha mkia mrefu chini. Mtu akiuliza hivi:

> Kwa nini kumbukumbu haiachiliwi hapa?

bakiza swali hilo tu, jibu chini yake, na yaliyobaki futa. Wajibu wote, usimvute mmoja faraghani.

Salamu nazo! Kwetu kuanza na shida kabla ya habari za nyumbani ni utovu wa adabu. Kule, kutaja shida katika sentensi ya kwanza ndiyo heshima.

Kisha subiri angalau wiki kabla ya kukumbusha. Mwongozo wao unasema hivyo. Mimi nilikumbusha baada ya siku mbili (naona haya hadi leo).

Ukirekebisha, andika PATCH v2 kwenye kichwa cha barua, na chini ya vistari vitatu (---) vilivyo ndani ya kiraka ueleze kilichobadilika.