Namna ya Kuijaribu Hojaji ya Maadili kwa Vijana Kabla ya Kulinganisha Nchi

Alama ndogo katika hojaji ya maadili haitoshi kuthibitisha kwamba kijana ana fikra finyu, kwani huenda kipimo chenyewe ndicho kisichomfaa. Mwaka 1985 John Snarey alipitia tafiti 45 zilizofuata mbinu ya Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia aliyezipanga hoja za maadili kwa ngazi, katika nchi 27, akaona kwamba hoja za ngazi ya juu zilikuwa adimu katika jamii za vijijini, kwa sehemu kwa sababu kipimo hakikuzitambua hoja zinazosimama juu ya mshikamano wa jamii.

Anza na tafsiri. Watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wapatanishe kazi zao, kisha wa tatu ambaye hajaiona hojaji ya asili airudishe katika lugha ya kwanza. Ukitumia DIT (Defining Issues Test) ya James Rest, hojaji inayomtaka msomaji apime uzito wa sentensi zinazohusu kisa, kuwa macho: miongoni mwa sentensi 12 zinazofuata kila kisa zimo chache zenye maneno mazito lakini zisizo na maana, zilizowekwa makusudi ili kumnasa anayechagua kwa kuvutiwa na ufasaha. Mtafsiri hodari hushawishika kuzinyoosha, na mtego ukateguka bila mtu kujua, mwonye mapema.

Kabla ya kuchapa nakala, kaa na kijana mmojammoja, asome kwa sauti na aeleze anavyoelewa. Katika kisa maarufu cha Heinz, mume anayewaza kuiba dawa ya kumwokoa mkewe, kijana wa Kitanzania akiuliza kwa nini ukoo haukuchanga, hajalikwepa swali, hata kama kisa kinasema Heinz alikwishakopa kwa kila anayemjua. Liandike swali lake neno kwa neno. Huko Kenya, Carolyn Edwards alitunga visa vya karo na wajibu kwa ndugu, na kwa maoni yangu njia hiyo ni bora kuliko kubadilisha majina ya wahusika tu.

Takwimu zije baadaye. Kagua kwa zamu kama muundo wa vipengele, yaani jinsi maswali yanavyojikusanya katika makundi, ni uleule katika kila nchi, kama kila swali linabeba uzito uleule, na kama vijana wenye kiwango sawa cha sifa inayopimwa wanalijibu kwa kiwango sawa. Kwa kawaida, fahirisi ya CFI, inayoonyesha jinsi modeli inavyolingana na data, ikishuka kwa zaidi ya 0.01 kutoka hatua moja hadi nyingine, hiyo ni dalili ya kasoro. Rudia ukaguzi ndani ya nchi, kati ya mjini na kijijini. Hatua ya tatu ikishindikana, usipange nchi kwa wastani wa alama. Ripoti tu uhusiano unaouona ndani ya kila nchi, na maswali yaliyokwama uyataje moja baada ya jingine.