Jinsi ya Kuishtaki Baa ya Malindi Iwapo Mabaunsa Wake Wamekujeruhi

Mtu aliyepigwa na mabaunsa wa baa mjini Malindi mara nyingi hurudi nyumbani, akaosha damu na kuwaambia jamaa zake kwamba ameanguka na bodaboda, kwa kuwa anaona haya kueleza alikokuwa usiku ule. Haya hiyo inawafaa wenye baa peke yao. Sheria ya Kenya haimnyimi mtu haki juu ya mwili wake kwa sababu alikuwa akinywa, na mteja aliyeingia kihalali ni mgeni ambaye mwenye jengo ana wajibu wa kuangalia usalama wake kwa mujibu wa Sura ya 34 ya sheria za Kenya.

Anza na matibabu, na ikiwezekana yawe katika hospitali ya serikali. Mweleze daktari waziwazi kwamba umepigwa, kwa ngumi, teke au rungu, na kila mahali panapokuuma, kwani maandishi ya saa hizo za mwanzo ndiyo atakayoyasoma hakimu miezi mingi baadaye. Ukisema ulianguka, wakili wa baa atakusomea maneno hayo mahakamani. Kisha piga ripoti katika kituo cha polisi, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha na haiuzwi. Daktari akishaijaza, baki na nakala yake kabla ya kuirudisha.

Ushahidi mwingine hupotea upesi kuliko watu wanavyodhani. Piga picha za majeraha siku ile na siku zinazofuata, maana uvimbe na weusi wa ngozi hubadilika, na shati lenye damu lisifuliwe. Mashahidi wazuri mara nyingi hawako ndani ya baa: ni madereva wa tuktuk na waendesha bodaboda wanaosubiri abiria nje, hasa kwenye barabara ya Lamu, ambao wamezoea kuuangalia mlango usiku kucha na hawapokei mshahara wa mwenye baa. Chukua majina na nambari zao mapema. Kuhusu kamera, iandikie baa barua mara moja ukitaka picha za usiku huo zihifadhiwe, kwa sababu mitambo mingi hufuta picha za zamani yenyewe; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zinazokuhusu, na picha yako ni miongoni mwazo. Hakikisha nakala ya barua imepigwa muhuri wa kupokewa. Usisahau pia kwamba Malindi huenda kwa msimu wa watalii: msimu ukiisha baa nyingine hufungwa, wafanyakazi hutawanyika, na baunsa uliyemjua kwa jina la utani pekee hataonekana tena.

Jambo linaloangusha kesi nyingi, kwa maoni yangu, ni kumshtaki asiyestahili. Jina lililo kwenye kibao si mtu, wala huenda si kampuni. Soma leseni ya pombe iliyobandikwa ukutani, kisha utafute kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, taarifa za usajili wa kampuni au jina la biashara ili ujue mwenye baa ni nani. Kama mabaunsa waliletwa na kampuni ya ulinzi, shtaki kampuni hiyo pamoja na baa, kwa sababu ukimtaja mmoja tu, atamsukumia lawama yule ambaye hayupo. Mwajiri huwajibika kwa kosa ambalo mfanyakazi wake amelitenda akiwa katika shughuli za kazi. Kwa hiyo onyesha kwamba aliyekupiga alikuwa amesimama mlangoni, amevaa sare au ameshika redio ya mawasiliano, na kwamba alikuwa akikutoa nje au kukuzuia kuingia. Ulizia pia kama amesajiliwa kuwa mlinzi, jambo linalotakiwa na sheria ya mwaka 2016 inayosimamia ulinzi wa kibinafsi. Baa ina haki ya kumtoa mteja mkorofi kwa nguvu ya kiasi, na hilo ndilo litakalokuwa jibu lake. Hoja yako iwe kwamba mtu aliyekwisha kuanguka chini hahitaji teke ili atoke.

Kabla ya kwenda mahakamani, peleka barua ya madai inayoeleza tukio, majeraha na kiasi unachodai. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaweza kujisimamia bila wakili na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Dai kubwa zaidi huenda kwa hakimu, na hapo wakili anahitajika sana. Hesabu ya dawa, nauli na mshahara uliokosa lazima itajwe na kuthibitishwa kwa risiti, ilhali fidia ya maumivu hupimwa kwa kulinganishwa na kesi zilizotangulia. Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ya tukio. Usikae ukisubiri kesi ya jinai dhidi ya baunsa, inayotokana na ripoti yako polisi, imalizike, ingawa baunsa akipatikana na hatia, hukumu hiyo itakusaidia sana katika madai yako.

Huenda mwenye baa akatuma wazee au rafiki yako na noti chache pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Suluhu si jambo baya, na Katiba yenyewe inaihimiza, lakini iandikwe, ishuhudiwe, itaje malipo yote na tarehe zake, na usitie sahihi kabla daktari hajakwambia kama jino, jicho au mkono huo utahitaji matibabu zaidi, kwa sababu karatasi hiyo ikishafika mbele ya hakimu, itakuwa vigumu mno kudai tena.