Somo: Mti wa kupanda mbele ya nyumba yenye uwanja mdogo (Dar na Pwani)

Wadau, somo hili ni la wenye mita nne au tano tu kati ya baraza na geti. Chagua mti kwa ukubwa utakaokuwa nao ukikomaa, maana kwenye kitalu miche yote ni midogo na yote inavutia.

Hatua ya 1: Pima uwanja kwa futi kamba. Angalia nyaya za umeme zinapita wapi, kisha muulize fundi bomba la maji na karo la choo viko wapi. Karo husahaulika sana, na ndilo lenye gharama likipasuka.

Hatua ya 2: Ondoa miti mikubwa kwenye orodha yako. Mkrismasi unapendeza mno ukiwaka maua mekundu mwezi Desemba, lakini taji lake hutanuka kupita urefu wake, na mizizi yake hutambaa juujuu hadi kunyanyua pevingi. Fikasi ni hatari zaidi, mizizi yake hufuata unyevu na kupenya kwenye viungo vya bomba. Mwarobaini, mkungu na mwembe wa mbegu ni miti ya shuleni na shambani.

Hatua ya 3: Kwa Pwani, mimi napendekeza mstafeli. Majani yapo mwaka mzima, matunda unakula, na ukiukata kidogo kila mwaka unabaki mita nne hivi. Kama jua ni kali na maji ya shida, panda mkomamanga. Una miiba, kwa hiyo usiuweke njiani wanapopita watoto. Ukitaka kivuli cha alasiri, panda mti wako upande wa magharibi.

Hatua ya 4: Kagua kiriba (kile kifuko cha plastiki chenye mche). Mizizi ikiwa imejizungusha chini, acha mche huo.

Hatua ya 5: Chimba sentimita 60 kwa 60, angalau mita mbili na nusu kutoka ukutani. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Panda masika yanapoanza.

MASWALI YA WADAU

Swali (Mbagala): Mkuu, nina mwarobaini mchanga mita moja tu kutoka ukutani. Niukate?
Jibu: Ndiyo ndugu yangu, ung'oe sasa na kisiki chake. Ukiukata tu utachipua tena.

Swali (Njombe): Shikamoo mwalimu. Huku kwetu baridi, mstafeli utakubali?
Jibu: Marahaba. Hautakubali, unaungua na baridi. Panda mpichi, hali ya hewa yenu inaufaa na haukui sana.

Swali (Temeke): Mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki mashimo.
Jibu: Chukua mndimu wa kubebeshwa (uliounganishwa kwenye shina la mche mwingine), uweke kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Mwagilia mara kwa mara, ndoo hukauka upesi. Ukihama, unahama nao.