Kabla Mkongo Haujapitishwa Hifadhini: Mambo ya Kuzingatia

Katika kilindi cha bahari, mkongo wa mawasiliano, yaani waya wa intaneti unaotandazwa chini ya bahari, hauzidi sana unene wa mpira wa kumwagilia maji, na hulazwa tu juu ya tope. Huko madhara yake ni madogo. Mwaka 2003 watafiti huko California waliukagua mkongo wa kilomita 95 uliotandazwa mwaka 1995 karibu na Half Moon Bay. Viumbe wa sakafuni hawakuwa wamebadilika sana, ila karibu na pwani, penye mwamba, mawimbi yalikuwa yameusugua mkongo hadi jiwe likachimbika michirizi. Anayejadili kibali cha kuupitisha mkongo kwenye hifadhi ya bahari asijichoshe basi na habari za kilindi. Akazie macho kilomita chache za mwisho, ambako matumbawe, nyasi bahari na mitumbwi vinabanana.

Kubwa kuliko yote ni njia. Meli ikishakodiwa, mstari kwenye ramani haubadiliki tena, hata wananchi waitwe mikutano kumi. Wavuvi waitwe wakati mistari bado ni mitatu au minne. Swali la kwanza liwe: lazima upite hifadhini? Dar es Salaam, visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, yaani yanayolindwa kisheria, tangu 1975, na jiji hilohilo ndilo lango la mikongo. Mombasa, hifadhi iliyotangazwa 1986 iko mbele ya Nyali na Bamburi, na mikongo imekuwa ikifika nchi kavu Mombasa tangu mkongo wa TEAMS ulipotoka Fujairah, Falme za Kiarabu, mwaka 2009. Kati ya mwamba na mwamba huwa kuna milango ya mchanga, na wachokoa pweza wanaijua kabla ya chombo chochote cha kupimia. Pasipo mlango, kuna kutoboa chini kwa chini kutoka nchi kavu na kutokea nje ya mwamba. Ulizeni tope la kutobolea likivuja litadhibitiwaje.

Mjue pia mamlaka yenu yanaishia wapi. Ndani ya maili 12 za baharini nchi huweka masharti yake. Nje ya hapo, Ibara ya 79 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 inayapa mataifa yote haki ya kutandaza mikongo, na nguvu ya nchi ya pwani hupungua sana. Tanzania Bara kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994, na kuna tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004 inayosimamiwa na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kimoja hakifuti kingine. Zanzibar ina mamlaka zake.

Msikubali sharti la “mkongo utafukiwa” likaishia hapo. Katika hifadhi ya Olympic Coast, jimbo la Washington, Marekani, ambako watu wa kabila la Makah huvua, mikono miwili ya mkongo wa Pacific Crossing ilipokaguliwa ilionekana sehemu ndefu ziko wazi au zinaning'inia. Ikabidi ilazwe upya. Kibali kitaje kina cha kufukia, kitaje mkaguzi asiyelipwa na mtandazaji, na picha za chini ya maji zikabidhiwe hifadhi.

Msimu nao uandikwe: kusi ikivuma si wakati wa kufanya kazi penye mwamba.

Matengenezo ndiyo husahaulika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika pamoja, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo nani atasimama kutetea matumbawe? Masharti ya ukarabati yakubaliwe mapema: meli ijishikilie kwa mitambo bila kutia nanga, na ijulikane ni wapi kulabu la kunasia mkongo linaruhusiwa kukokotwa. Mkongo ukiungwa huongezeka urefu, na ziada hiyo hulazwa pembeni, hairudi kwenye mfereji wake wa awali. Mahali pa ziada nako pahitaji idhini.

Duniani hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kwa mwaka, nyingi zikitokana na nanga na uvuvi. Kwa hiyo mkongo na mwamba vina adui mmoja, na Australia imetumia hilo: imetenga kanda za kulinda mikongo ambamo nanga na nyavu za kukokota zimepigwa marufuku. Lakini mvuvi wa jarife asibebeshwe mzigo peke yake. Ibara ya 115 ya mkataba uleule inazitaka nchi ziweke sheria ili mwenye chombo aliyekubali kupoteza nanga au wavu wake ili asiudhuru mkongo, baada ya kuchukua tahadhari zote zinazofaa, alipwe na mwenye mkongo. Kibali kiseme madai yapelekwe kwa nani, kwa ushahidi gani, na malipo yatoke lini.

Mwisho ni kuondoa. Mkongo hukadiriwa kuishi miaka 25, na kampuni inaweza kufa kabla yake. Fedha za kuuondoa ziwekwe dhamana mwanzoni, ila isiandikwe kwamba lazima ung'olewe wote: pale matumbawe yatakapokuwa yameota juu yake, huenda kukata ncha na kuuacha kukawa nafuu, na uamuzi huo ufanywe baada ya mpiga mbizi kushuka kuuangalia.