Somo: Kulirudisha kasha la zamani sebuleni bila kuliua

Kasha la kwanza nililolishika nililiharibu mwenyewe. Lilikuwa la bibi yangu: mbao ya msaji, misumari ya shaba usoni, droo tatu chini. Nikaazima mashine ya msasa, na kwa jioni moja nikakwangua weusi uliojengwa na mikono ya watu kwa miaka. Lilitoka jeupe kama dawati jipya la shule. Mama alilitazama, akauliza, "Hili la nani?" Basi humu nitasema "usifanye" mara nyingi kuliko "fanya", mnivumilie.

1. Kabla hujatoa pesa

Makasha tunayoyaita ya Zanzibar mengi yaliletwa na majahazi kutoka Surat, Bombay na bandari za Ghuba. Mengine yakatengenezwa hapa hapa pwani. Yanayouzwa leo mengi ni mapya yaliyopakwa kiwi ya viatu. Lipindue. Usoni kila muuzaji hupapamba, lakini chini na mgongoni hakuna anayejisumbua kudanganya. Mbao ya zamani huko huwa kavu, ya kijivu, na alama za tezo au randa ya mkono unazihisi kwa vidole. Vuta droo utazame pembe zake: meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani. Misumari nayo vichwa vyake havifanani kabisa.

Fungua kifuniko. Makasha mengi yana kisanduku chembamba ndani, upande mmoja, na baadhi yana maficho chini yake. Watu husimulia dhahabu. Mimi nilikuta sindano mbili zenye kutu na kifungo.

2. Fukusi

Matundu peke yake si tatizo, huenda wadudu walishakufa zamani. Tandika karatasi nyeusi chini ya kasha siku tatu. Ukikuta unga mpya, wapo, na lisiingie ndani. Nunua dawa ya wadudu wa mbao kwenye duka la vifaa vya ujenzi, vaa glovu, iingize tundu kwa tundu kwa bomba la sindano, kisha lifunge kasha zima kwa nailoni wiki mbili. Mafuta ya taa huua yule aliyeguswa tu, na harufu yake mtakula nayo sikukuu. Kitu kidogo kama marfaa (kibao cha kuwekea msahafu) kifunge vizuri kwenye mfuko, ukiweke ndani ya friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Baridi itamaliza kazi.

3. Kusafisha (hapa ndipo wengi tunapokosea)

Anza na kilicho laini kuliko vyote, na ukiona kinatosha, simama hapo hapo. Kwanza brashi kavu. Kisha kitambaa cha pamba kilichochovywa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, kikakamuliwa hadi kisidondoshe. Futa sehemu ndogo, kausha papo hapo, sogea. Grisi ikikataa, tumia tapentaini, dirisha likiwa wazi.

Kabla ya chochote kikali zaidi, jaribu kwenye kona isiyoonekana. Pamba yenye tone la spiriti itakupa habari: rangi ya juu ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, vanishi ya zamani inayoyeyuka kwa spiriti, na shelaki iliyochakaa haihitaji kuondolewa. Unaiyeyusha kidogo kwa spiriti, inajipanga upya. Hili lingeliokoa kasha la bibi.

Shaba sasa. Najua, limau na chumvi, au ukwaju. Vinang'arisha kweli, lakini asidi hiyo ikitiririka kwenye mbao huacha doa ambalo msasa tu ndio utalitoa. Kinachofunguka, kama tumbuu, pete na vishikio, kifungue ukakioshee jikoni kwa ukwaju, ukisuuze na kukikausha. Misumari iliyopigiliwa isugue kwa kitambaa kikavu tu. Kasha ambalo shaba yake inameta kama bomba la hotelini limepoteza nusu ya uso wake.

4. Kuunga na kujaza

Gundi ya zamani ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, hivyo kitambaa cha maji ya moto huilegeza bila kuvunja kiungo. Kwangua mabaki, paka gundi ya mbao, bana. Huna jiriwa? Kata tyubu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, uzungushe kwa kuvuta. Unabana vizuri na hauachi alama. Ufa mpana uwekee ubale wa mbao ya aina ileile. Unga wa mbao na gundi hugeuka doa jeusi mbele ya wageni.

5. Kumalizia

Nta ya nyuki sehemu moja, tapentaini sehemu tatu. Yeyusha nta kwenye bakuli lililo ndani ya maji ya moto, *zima jiko*, ndipo utie tapentaini. Paka kidogo, subiri, sugua sana. Ukitaka shelaki, paka siku kavu: wakati wa masika hushika ukungu mweupe.

6. Mahali pake

Kuta za matumbawe na chokaa hupanda unyevu, kwa hiyo liache kasha kama sentimita 8 kutoka ukutani na usiling'oe miguu yake. Si chini ya dirisha la jua la alasiri, wala mbele ya kiyoyozi. Na moja latosha chumba kizima. Ukuta mweupe, mkeka, kasha, basi.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Tanga:* Kabati la mninga la marehemu baba lilipakwa rangi ya mafuta miaka ya sabini. Nilipige msasa?

Usilipige msasa mkavu, dada yangu. Rangi za wakati ule huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia dawa ya kuondolea rangi, nje ya nyumba, kwa glovu na barakoa, ukwangue ikiwa bado mbichi.

*Mwanachama, Mombasa:* Kaka, nina kiti cha enzi chenye vipande vyeupe. Mwanangu yuko Ujerumani, anakitaka.

Shikamoo mzee. Hakikisha kwanza ni mfupa au pembe ya ndovu. Biashara ya pembe kati ya nchi ilipigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa uamuzi wa 1989, na hata zawadi inahitaji vibali. Bila karatasi, kitakamatwa uwanjani. Afadhali mwana aje akikalie.

*Fundi wa Keko:* Wateja wanataka mlango wa nakshi wa kale ugeuzwe meza. Unasemaje?

Ndugu fundi, pesa naielewa. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa Tanzania Bara, inalinda milango iliyochongwa kabla ya 1940, na kuitoa nchini bila leseni ni kosa. Chonga mpya, umwambie mteja ni mpya. Mkono unao.

*Dada wa Tanga tena:* Na harufu ya ndani ya kabati?

Liache wazi kivulini siku mbili, kisha weka bakuli la mkaa wa kawaida ndani wiki nzima. Udi baadaye. Ukifukiza kwanza utakuwa na harufu mbili.