Linganisheni majina ya watoto kabla ya kuhama

Familia inayojiandaa kuhama kutoka Dar es Salaam kwenda nchi nyingine ianze kwa kulinganisha jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, kinachotolewa na RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo), na lile la pasipoti, kwa kuwa hata tofauti ya herufi moja, kama Mohamed na Mohammed, inaweza kuchelewesha viza au uandikishaji wa shule ugenini. Marekebisho yafanyike mkiwa bado nyumbani, ambako ofisi husika zinafikika. Kadi za kliniki zenye kumbukumbu za chanjo nazo zisiachwe. Kwa wanaokusudia kuhamia huko kwa kudumu, wazazi wafahamu mapema kwamba sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.